Kona ya Anko Galatoni: Kiangazi cha Kanada, na wimbo wa meli

Haya wapendwa, mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinaelekea upande mmoja ambao sikuutegemea hata kidogo, Kanada. Kosa ni langu. Toleo lililopita nilichomekea kamstari kamoja tu kwamba siku hizi nikikaa nyuma ya nyumba nabangua korosho nasikiliza magitaa ya Wakanada, basi mkanishikia hapohapo. Nimechagua tano, nyingine zinafanana na hizi kwa hiyo msininunie.

SWALI: Shikamoo Anko. Mi nafanya kazi kwenye loji moja huku Shangani, Mtwara. Mwezi wa saba tunapokea wageni saba kutoka Kanada na bosi kaniambia niandae pleilisti ya "samma" (kiangazi) ya kwao kwao, indi na folki, tuwapigie barazani jioni. Mwaka jana kuna wageni niliwawekea singeli wakatabasamu tu mpaka nikaona mashavu yanawauma. Nianzie wapi? (Dada wa Shangani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza na singeli usiitupe, iweke akiba, siku ya tatu watakuja kuiomba wenyewe.

Tuelewane maneno kidogo. Folki ni gitaa kavu, sauti na hadithi, yani mtu anakaa anakusimulia. Indi ilianza kama jina la bendi zinazojitegemea, hazipo chini ya lebo kubwa, zinarekodi zinavyotaka, ila siku hizi limebaki jina la mtindo tu, wengine wana hela kuliko lebo zenyewe.

Sasa hiyo samma. Yao ni Juni mpaka Agosti, na hapo ndo sisi tuko kwenye kipupwe, kusi linavuma, asubuhi unatafuta shuka la pili, na mwenye mikorosho yuko shambani kajifunga kitambaa puani anapuliza salfa. Kwa hiyo hao watakuja na joto lao kichwani na wewe umevaa sweta. Na joto lenyewe ni la miezi mitatu, basi. Winnipeg hapo Januari inaweza kushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, halafu nenda Edmonton mwishoni mwa Juni jua linazama saa nne usiku, sisi tumeshaswali isha tumekula tumelala, wao watoto bado wako nje na mpira. Mtu mwenye joto la kuhesabu siku hivyo halitumii kama sisi ambao mpaka tunalilaani, analishika kwa mikono miwili, na nyimbo zake za kiangazi hata zikiwa za furaha zina kahuzuni flani chini chini. Ndo maana nakwambia usichague wimbo eti kwa sababu jina lake lina neno samma. Chagua kwa saa ya siku.

Saa kumi jioni, wanatoka baharini na mchanga miguuni, weka Feist, "Mushaboom", wa 2004. Mushaboom ni kijiji kweli, kiko Nova Scotia, na wimbo ni ndoto ya mtu wa mjini anayetamani kanyumba ka zamani mwisho wa barabara ya vumbi, ambayo sisi tunayo na hatuiimbi. Mfuatishie Bahamas na "Lost in the Light". Huyu jina lisikuchanganye, sio visiwa, ni jamaa mmoja wa Ontario anaitwa Afie Jurvanen ambaye aliwahi kumpigia gitaa huyohuyo Feist, kwa hiyo mikono unaisikia inafanana. Halafu Joni Mitchell, "Big Yellow Taxi", 1970. Aliuandika safari yake ya kwanza Hawaii, kafika hotelini usiku, asubuhi anafungua pazia anaona milima ya kijani mizuri, akishusha macho chini anakuta uwanja wa kuegesha magari mpaka basi. Humo ndani kuna mahali anamuomba mkulima aweke DDT yake, ile dawa ya wadudu, pembeni, ambapo mi kila nikifika hapo nacheka peke yangu nikiwakumbuka wajomba zangu wa Tandahimba na mabomba yao mgongoni, ingawa salfa sio DDT, msije mkaniandikia. Huyu mama alipata polio akiwa na miaka tisa, mkono wa kushoto ukapoteza nguvu, akaona mishiko ya kawaida ya gitaa inamsumbua akawa anazifunga nyuzi kivyake. Ule mlio wake ambao watu wanaukimbiza mpaka leo ulianzia hapo.

Jua likizama: Alvvays (v mbili, sio w), bendi ya Toronto, "Archie, Marry Me", 2014. Huu utaupenda wewe kuliko wageni. Binti anamwambia mwenzie tuoane tu, tuachane na kadi za mwaliko na maua na mambo yote hayo. Nimeupeleka kwenye grupu letu la WhatsApp la michango ya harusi ya mpwa wangu, nikaelezea na maana yake, nikaondolewa na mwenyekiti.

Leonard Cohen wa Montreal weka "Suzanne" na uache "Hallelujah", nakuomba. Sio mbaya, ila hao watu wameimbiwa kila msiba na kila shindano la televisheni, wamechoka. "Suzanne" una mto na kanisa la zamani la mabaharia pale bandarini Montreal, na wewe uko kwenye mji wa bandari, inakaa vizuri.

Usiku sasa, taa zimepunguzwa. "Bobcaygeon" wa Tragically Hip, 1998, ni roki kwa haki yake lakini Mkanada yeyote atakushukuru, ni jina la kamji ka Ontario ambako mtu anatoka mjini kwenda kuangalia nyota. Mwimbaji wao Gord Downie aliugua kansa ya ubongo, wakazunguka nchi kuaga, shoo ya mwisho Kingston tarehe 20 Agosti 2016 ikarushwa laivu na redio na televisheni ya taifa, watu zaidi ya milioni 11 wakaifuatilia. Ukiona mgeni kanyamaza ghafla usimsemeshe.

Na wa kufungia usiku ni Neil Young, "Harvest Moon", 1992. Hapa niwape siri yangu. Mara ya kwanza kuusikia vizuri ilikuwa alfajiri, nimelala, simu iko kitandani inapiga taratibu, nasikia shwaa, shwaa, shwaa, nikajua mama mkwe kaamka anafagia uwanja na ufagio wake wa chelewa, nikasema moyoni huyu mama saa kumi na moja hii ana nini jamani. Nikausimamisha wimbo nimsikie vizuri. Kimya. Nikawasha, anafagia. Nikazima, kaacha. Nimefanya hivyo mara tatu kabla sijaelewa kwamba ufagio uko ndani ya wimbo. Kweli kabisa, walirekodi ufagio unafagia na ndo unaoshika mapigo. Kumbe mama mkwe alikuwa kalala. Sikumwambia.

SWALI: Anko mambo vipi, hizo nyimbo za magitaa si za kulalia tu? Tupe zenye mzuka bhana. (Mwana wa Ligula)

JIBU: Mzuka upo we subiri. Arcade Fire wa Montreal, "Wake Up", kutoka albamu yao Funeral ya 2004, ni kundi zima linaimba kwa sauti moja kama jukwaa la mashabiki wa mpira, unaweza kuisukumia nayo gari iliyozimika. Hawa ndo walikuja kuchukua Grammy ya albamu ya mwaka 2011 na albamu ya The Suburbs, watu wengi Marekani wakabaki wanaulizana hawa ni nani. Mmoja wao, Régine Chassagne, wazazi wake walitoka Haiti, na kwenye Funeral kuna wimbo unaitwa "Haïti" ambao ukiusikiliza juu juu unacheza, ukiusikiliza vizuri unaacha kucheza.

Halafu kwa ajili yako wewe na wale mnaopita na pikipiki njia za porini kwenda Liwale: Bruce Cockburn, "Wondering Where the Lions Are", wa 1979. Simba, ndio. Jamaa alikuwa kaambiwa na ndugu yake anayefanya kazi serikalini kwamba Warusi na Wachina wako karibu kupigana vita vya nyuklia, akalala na hofu, akaota simba wako mlangoni ila hawatishi, asubuhi akaamka akakuta dunia bado ipo. Kuna kamguso ka rege. Sisi huku simba wa mlangoni tunawajua wa kweli na hakuna mtu alimtungia wimbo wa raha, lakini nausamehe.

SWALI: Ndugu Galatoni, mimi ni mwalimu Newala. Wanafunzi wangu wanaamini Kanada nzima ni Kiingereza. Je, wana nyimbo za lugha zao za asili, au zimeshakufa? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu asante sana, hili ndo swali lililonifanya nikae mezani. Kifaransa kipo kwanza, Quebec nzima, na ukitaka mfano mtamu watafute dada wawili wa Montreal, Kate na Anna McGarrigle, albamu yao ya 1976 ina "Complainte pour Ste-Catherine", wanalalamikia baridi na mtaa wao kwa raha kabisa.

Lakini wewe umeuliza za asili. Kuna kijana anaitwa Jeremy Dutcher, Mwolastoqey, moja ya makabila ya asili, wa New Brunswick, amesomea kuimba kwa mtindo wa opera. Lugha yao imebakiwa na wazungumzaji kama mia hivi. Mwalimu hebu simama hapo, mia, hao hawajai hata mkutano wa wazazi wa shule yako. Akaambiwa na mama mmoja mtu mzima wa kwao kwamba zipo sauti za wazee zimehifadhiwa makumbusho, akaenda, akakuta mitungi ya nta, ndo vyombo vya kurekodia sauti vya enzi hizo, iliyorekodiwa kuanzia 1907 na mtafiti mmoja, akakaa nayo masikioni, anasikiliza, anaandika noti, anasikiliza tena, halafu akatunga piano na sauti yake kuzunguka zile sauti za mababu. Kwenye albamu yake ya 2018 unawasikia kabisa wazee wenyewe wakikwaruza kwa mbali na yeye anawajibu. Akapata tuzo ya Polaris, ambayo inatolewa kwa albamu moja tu bora ya Kanada kwa mwaka, na 2024 akaichukua tena. Mitungi hiyo ya nta ukiiona utadhani makopo ya mshumaa.

Mwingine ni Elisapie, Mwinuit (watu wa asili wa kaskazini) wa Salluit, kaskazini kabisa mwa Quebec ambako miti haioti. Albamu yake ya 2023 inaitwa Inuktitut, ndo jina la lugha yenyewe, na amechukua nyimbo alizokua nazo redioni utotoni, za Fleetwood Mac, Blondie, mpaka Metallica, akazigeuza kwa lugha yake na akazipunguza mwendo. Mi nilijaribu nyumbani kuugeuza mmoja Kimakonde. Mke wangu akaomba nibaki kwenye kuandika.

Hizi mwalimu kawasikilizishe darasani, halafu waulize nani anamjua mtu wa mwisho anayejua nyimbo za jando za kijiji chao, na kama simu zao zina nafasi ya kurekodi.

SWALI: Anko, kuna mtu mweusi yeyote kwenye hizo folki au ni wazungu na makofia yao tu? Na je bando la mwanafunzi litatosha? (Binti wa Rasbura, Lindi)

JIBU: Yupo, tena utampenda. Anaitwa Mustafa, wa Toronto, kakulia Regent Park ambayo ni mitaa ya nyumba za serikali, wazazi wake Wasudani. Alianza na mashairi akiwa mtoto. Unaambiwa kijana mweusi wa mitaa ile unategemea rap, yeye anashika gitaa kavu na sauti ya chini anawaimbia rafiki zake waliouawa kwa risasi. Albamu yake ya kwanza, When Smoke Rises, ya 2021, ni maombolezo mwanzo mwisho, anza na "Stay Alive", wimbo wa kumwambia mwenzio baki hai basi. Ya pili ya 2024 inaitwa Dunya, na hiyo wewe wa Lindi huhitaji kutafsiriwa. Sio ya barazani hii, ni ya kusikiliza peke yako na earphone, kwa hiyo dada wa Shangani usije ukaiweka wageni wakiwa wanakula pweza.

Na Allison Russell, mzaliwa wa Montreal, baba yake wa Grenada, tafuta "Nightflyer" wa 2021.

Bando: nyimbo peke yake kwa ubora wa kawaida zinakula kama MB 1.2 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo 20 za dakika nne nne ni kama MB 100, mara moja tu ukizipakua ndani ya programu kisha ukazipiga bila intaneti. Video ndo zinamaliza vijana. Acha kuangalia mtu anapiga gitaa, msikilize.

SWALI: Mwanangu, mimi ni dereva mstaafu. Miaka ile gesi ya Mnazi Bay inaanza nilikuwa nampeleka mzungu mmoja Mkanada Msimbati na kumrudisha mjini, karibu kila siku, vumbi tupu. Alikuwa na CD, humo kuna wimbo mrefu hauna kiitikio, gitaa linajirudia kama mawimbi, sauti nzito ya mwanaume. Ukianza huo ananiambia punguza mwendo, halafu hasemi tena mpaka uishe. Nilimuuliza siku moja akasema ni meli ilizama kwao. Nikamuuliza kwao wapi, akasema Thunder Bay, nikajua ni jina la baa. Alishaondoka zamani. Wimbo huo unaitwaje, na hiyo meli ni ya kweli? (Dereva, Mtwara)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi kupata meseji yako kuliko zote, na samahani nimeiweka mwisho, nilitaka niwe na nafasi.

Wimbo ni "The Wreck of the Edmund Fitzgerald" wa Gordon Lightfoot, na meli ni ya kweli. Wakanada na meli na sisi huku hatujakutana leo, wakubwa wenzako si mnaikumbuka Canadian Spirit iliyokuwa ikipiga safari za Dar na Mtwara enzi barabara haipitiki masika na daraja la Mkapa halijajengwa? Basi hii Edmund Fitzgerald ilikuwa ya mizigo, urefu kama mita 222, ilipozinduliwa 1958 hakukuwa na kubwa kuliko hiyo kwenye Maziwa Makuu ya kule kwao na Marekani. Tarehe 10 Novemba 1975 ilikuwa inakatiza ziwa Superior na zaidi ya tani 26,000 za madini ya chuma, ikakutwa na dhoruba. Superior ndo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, Victoria letu linalifuata, kwa hiyo usifikirie ziwa la kuogelea, fikiria mawimbi ya bahari. Nyuma yake kulikuwa na meli nyingine inawasiliana nayo kwa redio, nahodha akasema bado tunajimudu, na hayo yakawa maneno ya mwisho. Hakukuwa hata na wito wa kuomba msaada. Walikuwa watu 29. Hakuna mwili hata mmoja uliopatikana.

Lightfoot akasoma habari hiyo kwenye jarida wiki mbili baadaye, akaona watu wamekufa na habari ni fupi hivyo, akatunga. Ulitoka 1976. Dakika sita na nusu, kiitikio hakuna kama ulivyosema, na watu wa redio kwa kawaida hawataki wimbo wa hivyo, lakini ukapanda mpaka namba moja Kanada na namba mbili Marekani. Sasa sikiliza jambo lililonishangaza, mzee: albamu yenyewe ambamo wimbo huo umo inaitwa Summertime Dream, ndoto ya kiangazi. Kwa hiyo nilivyomwambia yule binti hapo juu kwamba kiangazi chao kina kahuzuni chini chini sikuwa natunga.

Na huyu bwana aliendelea kuutunza wimbo kama mtu anavyotunza kaburi. Kulikuwa na mstari uliokuwa kama unagusa uzembe wa mabaharia, kwamba mlango wa ngama uliachia. Baadaye sana, 2010, uchunguzi mwingine ukaonyesha huenda halikuwa kosa lao, basi yeye akaubadilisha ule mstari kila akipanda jukwaani, ili watoto wa wale marehemu wasikae wanasikia baba zao wakilaumiwa. Sisi tuliopoteza watu kwenye MV Bukoba 1996 tunajua neno moja kwenye wimbo linaweza kukaa kifuani miaka mingapi.

Pale Detroit kuna kanisa la mabaharia ambalo lilipiga kengele mara 29 kwa ajili yao, na wimbo unaitaja. Lightfoot alifariki tarehe 1 Mei 2023, ana miaka 84. Kesho yake kanisa lilelile likapiga kengele mara 30.

Mpe mjukuu simu akutafutie, andika hilo jina la meli tu litatokea. Na Thunder Bay sio baa, mzee wangu. Ni mji, uko ukingoni mwa ziwa hilohilo.